Makofi Yaliyomrudisha Mgeni Jukwaani

(Aliyetuandikia ni mwalimu. Jina na kijiji chake tumevificha kwa ombi lake. Mengine yote ni maneno yake.)

Ndugu Mhariri na wasomaji wa ukurasa huu,

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa darasa la nne katika kijiji kimoja cha ujamaa, ukishapita Kisesa kwenda Magu. Kwetu ni Bukoba, tu Walutheri, na nimeposwa na bwana shamba wa hapa hapa kijijini. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona nimepitiliza mnivumilie.

Tuna santuri moja. Nasema tuna kwa sababu ni yetu watatu: mimi, nesi wa zahanati nitakayemwita Koku, na karani wa pamba nitakayemwita Masanja. Kaka yake Koku, baharia wa meli ya ziwani, aliinunua Kisumu tulipokuwa bado tunasoma Mwanza, na huu ni mwaka wa sita. Ni muziki wa roki, magitaa ya umeme, umerekodiwa siku ya onyesho lenyewe watu wakiwa wamejaa ukumbini. Kila mmoja anakaa nayo wiki moja, kisha anampa mwenzake. Jumapili baada ya ibada tunakutana kwa Masanja mwenye gramafoni. Betri hazipatikani madukani, kwa hiyo zile kuukuu tunazianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kutufikisha upande wa pili.

Watu huniuliza, Kiingereza cha kukimbizana namna ile unakielewa? Sikielewi chote. Ninachopenda ni kwamba watu wamo mle ndani. Kuna mwanamume anakohoa katikati ya wimbo wa polepole. Mwimbaji anasahau ubeti, anacheka, anaanza upya, na waliorekodi hawakukata kipande hicho. Kabla ya wimbo wa mwisho wanamuziki wanashuka jukwaani, lakini watu hawaondoki. Wanapiga makofi taratibu, kwa pamoja, kisha haraka haraka, mpaka wale jamaa wanarudi. Na sisi watatu, chumbani kwa Masanja, tunapiga nao. Miaka sita, kila Jumapili betri zikikubali.

Sasa, mwezi uliopita tulipata mgeni kutoka wilayani. Alihutubia kwenye uwanja wa shule, akamaliza, tukapiga makofi, mwenyekiti wa kijiji akainua mkono tunyamaze. Wote wakanyamaza isipokuwa sisi watatu tuliokaa benchi moja. Nawaapia haikuwa njama. Mikono ilikwenda yenyewe, taratibu, kwa pamoja. Darasa langu likadhani mwalimu anaongoza, likafuata, na wazazi wakafuata watoto. Mgeni alikuwa ameshashika mlango wa gari. Akarudi jukwaani anatabasamu, akasema, "Kwa kuwa mnataka niendelee, basi nielezeni lile ghala la pamba limefikia wapi."

Ghala lenyewe lina kuta mbili. Mwenyekiti alisimama, akaangalia chini, akasema mabati hayajafika. Mgeni akauliza mabati ya kuezeka kuta mbili ni ya nini. Watu walicheka sana, na wali wa wageni ukapoa jikoni.

Kesho yake niliitwa ofisini. Nikaamkia, "Shikamoo mwenyekiti," hakuitikia. Akauliza nani alitutuma. Nikamweleza ukweli wote, mjinga mimi, nikidhani atacheka. "Mwalimu," akasema, "unawalisha watoto wetu kasumba ya mabepari." Nikamjibu kwamba santuri moja ya watu watatu, inayozunguka kwa zamu, ni ya kijamaa kuliko baiskeli yake ambayo hajawahi kumwazima mtu. Hapo niliharibu, najua. Sijutii.

Siku mbili baadaye alikuja nyumbani kwangu na mgambo wawili. Hawakupekua. Walikwenda moja kwa moja kwenye gunia la mpunga nilimoificha santuri, wakazamisha mkono, wakaitoa.

Mahali pale palijulikana na watu wanne tu: sisi watatu na mchumba wangu. Jioni nikamuuliza. Hakukana. "Nimekusaidia," akasema. "Nimekuombea kwa mwenyekiti. Siku ya kufunga shule utaivunja mwenyewe mbele ya wazazi, utaomba radhi, yataisha. Ukikataa watakuhamishia huko ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, na harusi yetu itakuwaje? Ni plastiki tu hiyo, mwenzangu."

Nililia, nakiri. Sikuililia plastiki. Nilimlilia mtu aliyekaa nasi Jumapili nyingi, akatafuna karanga zetu, akapiga makofi pamoja nasi, kumbe muda wote hakuwa nasi.

Koku anasema niivunje, hatanilaumu, kaka yake atatafuta nyingine. Masanja anaendelea kuanika betri. Mama ameandika kutoka Bukoba: "Mwanangu, umri wako si wa kukataa mume kwa sababu ya nyimbo."

Siku ya kufunga shule ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Jumapili yake tangazo la kwanza la ndoa yetu litasomwa kanisani. Wasomaji, msihangaike kunishauri kuhusu santuri. Siivunji. Nitakabidhiwa mbele ya watu, nitaifuta vumbi kwa gauni langu, nitaitia mkobani na kuondoka nayo, hata kama safari yenyewe ni ya kivukoni. Ninachowauliza ni kingine, nacho kinaninyima usingizi: yule bwana nimwambie mapema kwamba harusi haipo, au nimwache akae pale mbele na wakubwa wenzake, ajionee mwenyewe nikimpita? Nishaurini.