Anakijua Chuma, Bei Inamchanganya

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Zabibu Mahmudu amepiga magoti kwenye vumbi. Ameshika njiti ya kiberiti karibu kabisa na ringi ya gurudumu la mbele, na kwa mkono wa pili analizungusha gurudumu taratibu. Njiti haiguswi, haiguswi, kisha inaguswa: tik. Gurudumu linamaliza mzunguko. Tik tena, palepale.

"Limepinda hapa," anasema, akiweka kidole. "Si sana. Hii inanyooshwa kwa kukaza spoki."

Kando yake amesimama Hamidu Bwanali, mchukuzi wa maji kutoka Mkunya, Newala. Ana shilingi 26,000 alizozifunga kwenye leso na kuzisukumiza ndani ya soksi. Amefika Masasi jana jioni juu ya lori la korosho, akalala kwa shemeji yake, na leo ameapa kutorudi nyumbani bila baiskeli.

Ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 1996, msimu wa korosho umepamba moto, na uwanja ulio nyuma ya soko la Masasi umejaa baiskeli kuukuu. Nyingine zimeshushwa kutoka malori ya Dar es Salaam, nyingine zimeletwa na wenyewe. Wauzaji wanazipanga mistari, wanazifuta kwa matambara yenye mafuta ya taa, na kila mmoja ana bei yake.

Kazi ya Zabibu, mama wa miaka 43 anayefahamika zaidi kwa jina la Mama Somoe, ni kumkagulia mnunuzi kabla hajatoa fedha. Anatoza shilingi 500 kwa baiskeli moja, uinunue usiinunue. Jumamosi ya msimu anaweza kukagua sita au saba. Msimu ukiisha, anaweza kukaa hadi adhuhuri bila kushika hata moja.

"Mama Somoe, hii unaionaje?" anauliza Hamidu.

Baiskeli wanayoitazama ni ya kijani, inang'aa, na ina kengele mpya. Mwenye mali, Mrisho, anataka 35,000. Amekwisha kusema kwamba kwa kuwa Hamidu ametoka mbali, yuko tayari kushuka mpaka 30,000.

Zabibu anauvuta mnyororo mbele, pale unapokumbatia meno, aone kama unaachia nafasi. Anagonga fremu kwa spana, sehemu moja baada ya nyingine, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Chini ya kiti, spana inatoa sauti nyingine. Anakwangua rangi kwa ukucha. Chini ya kijani kuna nyeusi, na chini ya nyeusi kuna uvimbe wa mahali palipochomelewa.

"Imekatika hii, ikaunganishwa," anasema.

Mrisho anacheka. "Mama Somoe, rangi ni usafi tu. Hata wewe unavaa kanga mpya siku ya Idi."

"Nikivaa sifichi mguu uliovunjika."

Watu waliowazunguka wanacheka, lakini Hamidu hacheki. Mwezi Juni baiskeli yake ya zamani ilikatika fremu mahali hapohapo, akiwa anaisukuma kupanda kutoka bondeni na madumu manne ya maji. Dumu moja alikuwa akiliuza shilingi 100 kwa watu wa Mkunya, maana kule juu kisima ni habari ya kusikia. Siku ile alianguka nayo, akavunjika mfupa wa bega, akalazwa hospitali ya Ndanda siku tisa. Tangu hapo mkewe amekuwa akibeba ndoo kichwani, safari mbili kwa siku.

"Kama si Mama huyu, ningekwisha kukopa nyongeza kwa shemeji na kulipa," ananiambia kwa sauti ya chini. "Mimi niliipenda ile kengele."

Mrisho anamwita Zabibu kando. Wanazungumza kama dakika moja, kisha Zabibu anarudi huku akitikisa kichwa. Baadaye ananieleza kwamba aliahidiwa 2,000 ili aseme kwamba lile lilikuwa povu la rangi. Ahadi za namna hiyo anazipata karibu kila wiki. Anakiri kwamba mwaka jana, Somoe alipokuwa na homa na nyumbani hakuna kitu, alisimama akaifikiria ahadi moja kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

"Sikuichukua," anasema. "Lakini niliifikiria. Hilo nalo nalikumbuka."

Zabibu alizaliwa Newala, na kazi hii aliianzia kwenye mshahara. Mwaka 1979 aliajiriwa na duka moja la ushirika pale mjini, kazi yake ikiwa kufagia. Baiskeli zilikuwa zikija ndani ya makasha, vipande vipande, pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Fundi aliyekuwapo alipohamishwa, meneja aliuliza nani anaweza kuziunga.

"Kiingereza sikukijua," anasimulia. "Ila karatasi ilikuwa na michoro. Nikafuata michoro. Ya kwanza niliifunga uma wa mbele kinyume, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Ya pili ikatoka sawa."

Kwa miaka kumi na miwili aliunga baiskeli zaidi ya mia tatu. Bei ya kila moja ilikuwa imeandikwa ukutani, na hakuna aliyeiuliza mara mbili. Mnunuzi alikuja na kibali, akalipa, akaondoka.

Je, anautamani wakati ule? "Bei ilikuwapo, baiskeli haikuwapo. Mtu alikuwa na kibali mfukoni miaka miwili, karatasi inachanika kwenye mikunjo, baiskeli hajaiona. Leo baiskeli hizi hapa, umezikanyaga. Bei ndiyo haionekani. Sasa niseme kipi ni bora? Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa."

Duka lilifungwa mwaka 1991, wafanyakazi wakapunguzwa. Zabibu alimchukua bintiye Somoe, akahamia Masasi kwa kaka yake. Alijaribu kutengeneza baiskeli chini ya kibanda, lakini wateja walikuwa wakimwuliza fundi yuko wapi. Kisha mwalimu mmoja aliyemfahamu tangu Newala akamwomba amsindikize kununua. Akasindikiza mwingine, kisha mwingine. Mwaka 1993 akaanza kutoza.

Tukio linalomsumbua mpaka leo ni la Agosti mwaka huu. Cecilia, mama anayezungusha samaki wakavu vijijini, alitoka Lupaso na 27,000. Zabibu alimkagulia baiskeli moja ngumu, isiyo na kasoro ya maana. Bei ilikuwa 27,000 ileile. Cecilia akauliza, "Ni haki?" Zabibu akasema ndiyo, kwa kuwa wiki ile baiskeli nyingine mbili za namna hiyo zilikuwa zimeuzwa hivyohivyo mbele ya macho yake.

Siku kumi baadaye malori mawili yalishusha baiskeli kwa mkupuo. Baiskeli kama ya Cecilia ikauzwa 19,000.

Yeremia, mume wa Cecilia, alikuja uwanjani siku ya pili yake. "Alisimama hapo ulipo," Zabibu ananionyesha. "Akasema mbele ya watu kwamba nimekula na muuzaji. Nikamrudishia mia tano yangu, akaitupa chini. Anataka elfu nane. Elfu nane naitoa wapi? Na je, niliikosea wapi? Siku ile ilikuwa ishirini na saba kweli!"

Wiki mbili zikapita bila mtu kumwita. Aliuza sufuria mbili. Halafu Cecilia akaja mwenyewe, peke yake, juu ya baiskeli ileile, kapu la samaki nyuma.

"Aliniambia, Mama Somoe, zile siku kumi nilifika Chiungutwa mara tatu, nikapata faida ya elfu sita. Ningengoja bei ishuke, ningengojea kwa miguu. Akaniachia samaki watatu."

Kwa hiyo mambo yaliisha vizuri? Zabibu anakunja uso. "Mke anasema nilisema kweli. Mume mpaka leo hanisalimu, anageukia upande wa pili. Wote wawili nawaelewa. Ndiyo shida yangu."

Uwanjani, Hamidu amekwisha kuiacha ile ya kijani. Mwishoni mwa mstari wa Mrisho imeegemezwa baiskeli nyeusi iliyopauka, haina kengele wala madigadi, kiti kimefungwa kwa mpira. Mrisho anaitajia 24,000, bila hata kuifuta vumbi.

Zabibu anaikagua kwa karibu nusu saa. Anaigonga fremu yote, ananyanyua gurudumu la nyuma na kuliyumbisha, anageuza pedeli huku sikio likiwa karibu na gololi. Anamwambia Hamidu apande, azunguke uwanja, kisha apande tena na mtu mzito amekaa kwenye keria. Yule mtu mzito ni mimi.

"Chuma ni kizima," anasema hatimaye. "Tairi la nyuma limekwisha, gololi zibadilishwe, na mnyororo hautafika Pasaka. Tenga kama elfu sita. Madumu manne itabeba."

Hamidu anavuta pumzi. "Na bei yake ya haki ni ngapi?"

Zabibu anaifuta spana kwa upindo wa kanga, upande mmoja, kisha wa pili.

"Sijui, Baba Nurdin," anasema, akimwita Hamidu kwa jina la mwanawe.

"Hujui?"

"Sijui. Zamani ningechukua bei ya mpya, nikatoa matengenezo, nikatoa uchakavu, nikakwambia. Asubuhi hii nimeuliza mpya katika maduka mawili, mtaa mmoja. Moja elfu hamsini na nane, la pili elfu sitini na tano, baiskeli ileile. Sasa nianze kutoa kutoka ipi?"

Hamidu anatoa la moyoni: korosho zake aliziuza wiki ya kwanza kwa shilingi 220 kilo, kwa mnunuzi aliyefika na fedha taslimu mpaka kizingitini. Wiki iliyofuata jirani yake aliuza kwa 310, korosho za aina moja, zilizoanikwa jua lilelile. "Nikadhani mimi ndiye mjinga," anasema. "Kumbe hata wewe, Mama."

"Hata mimi," anasema Zabibu. "Lakini wewe unajua maji utakayobeba. Elfu ishirini na nne pamoja na elfu sita, unazo?"

"Sina. Ninayo ishirini na sita."

"Basi bei yako haiwezi kupita ishirini. Hiyo ndiyo ninayoijua."

Hamidu anamfuata Mrisho. Anataja 18,000. Mrisho anapiga makofi kwa mshangao, anashuka mpaka 22,000, anaapa kwa jina la mama yake. Hamidu anafika 20,000 na kukomea hapo.

"Chukua," anasema Mrisho, papo hapo.

Furaha haiji. Hamidu anahesabu noti polepole, akimtazama Mrisho, kisha akimtazama Zabibu. "Mbona amekubali haraka hivyo?" ananong'ona.

Zabibu anaikagua tena baiskeli, mara ya pili, bila malipo. Hakuna kipya anachokiona. Chuma ni kilekile, kizima.

Nilipomwuliza Mrisho kwa nini alikubali, alitabasamu. "Ningeipeleka Newala ningepata ishirini na nane. Au ningekosa mteja, nikairudisha kwa nauli yangu. Hata mimi sijui, ndugu mwandishi. Ukiona fedha, shika."

Saa saba mchana Hamidu anamlipa Zabibu elfu moja ya ukaguzi kwa fedha ya mfukoni, kisha anaondoka akiisukuma baiskeli kuelekea kwa fundi, 6,000 zake zikiwa zimebaki kwenye leso. Kabla ya saa tisa, nyeusi nyingine inayofanana nayo inauzwa 23,500 kwenye mstari wa jirani, na nyingine 17,000 chini kidogo. Zabibu anazisikia zote mbili. Kwa ya kwanza anatabasamu, kwa ya pili anaguna.

Amekagua tano leo. Anazitia noti na sarafu ndani ya kibindo, anajipangusa magoti, na kuanza kutembea kurudi nyumbani, mwendo wa saa nzima. Ndipo ninapogundua kwamba hana baiskeli.

"Ninayo akiba ya elfu kumi na tisa," anasema tunapotembea. "Nataka yangu, niwe nakwenda Lupaso, Ndanda, hata Newala siku za mnada, niwafuate watu hukohuko. Somoe amemaliza darasa la saba, nataka nimfundishe kazi hii, tuwe wawili."

Kwa nini basi hanunui, yeye anayezijua kuliko wote?

Zabibu anapunguza mwendo. Anasema kwamba Februari, chakula kikiisha majumbani, wakulima huleta baiskeli zao wenyewe sokoni. Hizo ndizo nzima kuliko zote, kwa kuwa wenyewe walizitunza. Mwaka huu aliona moja ikiuzwa 14,000 kwa fedha ya kununulia mahindi. Mwenye nayo alipoondoka, aligeuka kuitazama mara tatu.

"Nikingoja Februari, nitapata nzuri kwa akiba yangu, na chenji juu," anasema. "Lakini hiyo ni bei ya baiskeli au ni bei ya njaa? Wateja wangu wakiniuliza kama ni haki, nitawaambia nini? Nikinunua kwa bei ya msimu huu, inanibidi kwanza nikae Jumamosi nyingine nane nikitafuta nyongeza ya matengenezo, na labda wiki inayofuata lori litashuka, nionekane mjinga mbele ya mji mzima."

Tunafika njia panda ya kwake. Hapo anasimama, anabadilisha spana kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Nitanunua," anasema. "Hilo nalijua. Mwezi ndio siujui."