Ladha ya Chuma

Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, mpishi alifungua mtungi wa asali, akachovya ncha ya kidole, akaiweka ulimini na kufumba macho. Ladha ikaja ileile: chuma, kama amelamba funguo. Akashusha pumzi. Mtoto bado yumo.

Mimba ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Kila kitamu kiligeuka chuma mdomoni, akacheka, akautangazia ukoo mzima. Kisha siku moja asali ikarudi kuwa tamu, tamu ya kawaida kabisa, na kabla jua halijazama alikuwa amelala ubavu akitazama ukuta. Safari hii alimwambia mumewe tu, tena kwa kumwapisha.

Shida ni kwamba kazi yake ilikuwa ulimi. Mkahawa ule ulijulikana kwa kuku wa kuokwa aliyepakwa mchuzi mzito wa asali, ndimu, pilipili na chumvi. Watu walifuata ule ubishi wa mdomoni: utamu ukianza kujidai, chumvi inaushika shati. Mwenye mkahawa, dada mkubwa wa mama yake, hakutaka kuona kijiko cha kupimia jikoni. "Ndimu hazifanani," alizoea kusema. "Onja, mwanangu. Ndiyo maana nikakuita wewe."

Basi akawa anapika kwa kukisia. Alitazama rangi, akasikiliza mchuzi unavyotokota, mengine akauachia mkono. Siku nyingine mkono ulipatia. Leo ulisita, akaongeza asali, akasahau, akaongeza tena.

Mhudumu, mwanamume asiyeishiwa maneno, alirudi na sahani ya mteja. Paja zima, limeng'atwa mara moja tu.

"Dada, fundi saa anauliza, huyu kuku amekufa kwa kisukari?"

"Mwambie namtengenezea jingine."

"Jana ilikuwa presha, leo sukari. Anaomba aachiwe achague ugonjwa mwenyewe."

Mhudumu hakuona kwamba mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Mama mkubwa alimtuma mhudumu akapeleke maji mezani, akachovya kidole kwenye sufuria, akaonja, akajifuta kwa aproni bila haraka.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi onja hapa mbele yangu, uniambie kimezidi nini."

"Kimezidi utamu."

"Hayo kasema fundi saa. Nakuuliza wewe." Sauti yake haikupanda. "Kama ulimi umekufa, sema nitafute mpishi mwingine. Sitakununia. Ila jikoni kwangu sifichwi kitu."

Mpishi aliinua kijiko. Hapo ndipo hofu nyingine ilipomkaba, kubwa kuliko ya kufukuzwa. Tangu asubuhi hakuwa ameonja tena. Je, kama sasa ladha ni tamu? Akiukuta mchuzi huu ni mtamu, kazi imepona, na kile kingine kimekwenda. Kijiko kiligonga meno yake.

Chuma. Kikali, kibaya, kimejaa mdomo mzima. Machozi yakamtoka.

"Chuma, mama. Kila kitamu ni chuma. Kama mara ile."

Mara ile mama mkubwa ndiye aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Sasa hakupiga kigelegele, wala hakuuliza mimba ni ya miezi mingapi. Alisukuma mlango ukafungika, akamimina nusu ya mchuzi kando, akakamua ndimu, akatia chumvi, akaonja, akatia tena.

"Ulimi wangu umezeeka, lakini chumvi unaijua. Utapika wewe, nitaonja mimi."

"Na wakiuliza?"

"Una mafua."

Mama mkubwa alipaka paja jipya, akalipanga kwenye sahani alipeleke mwenyewe kwa fundi saa. Mlangoni akageuka, akautazama mtungi wa asali, kisha akamtazama binti wa mdogo wake.

"Huwa unaonja kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Kesho ningoje nifike. Usionje peke yako."