Mgonjwa wa Stoo

Hospitali ile ilikuwa na mgonjwa mmoja asiyeugua. Ndiye mtunza stoo mwenyewe, mama mnene wa vicheko, na jina la Mgonjwa alibandikwa na manesi. Kisa ni kwamba hakupokea mzigo wa serikali kwa kuutazama tu. Blanketi atajifunika, magongo atayatembelea mpaka getini, kitanda atakilalia. Wazabuni walimcheka, halafu wakaanza kumwogopa.

Siku moja likaingia lori la vitanda. Mzabuni aliyeshuka, kifua mbele, alikuwa shemeji yake, mume wa dada aliyemlea tangu mama yao afariki.

"Shemeji, wewe tia sahihi tu. Si tuko nyumbani?"

"Nyumbani nitakuja kula. Hapa acha nilale kwanza."

Akavua viatu, akapanda, akageuka ubavu. Mguu wa kitanda ukapinda, Mgonjwa huyo chini! Wapakuzi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Chuma kilikuwa chembamba kuliko kile serikali ilichoagiza, na bei ilikuwa ile ile.

Shemeji akamtonya mkewe, na dada akapiga simu kabla lori halijaondoka. "Nimekubeba mgongoni mimi, leo unanivunjia nyumba?"

"Dada, mama alilazwa humu humu. Ungekubali aanguke?"

Simu ikakatwa. Mgonjwa akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akavikataa vitanda vyote.

Damu nzito kuliko maji, na wengi wetu tungetia sahihi tukasingizia undugu. Mama huyu alikataa akijua anachopoteza, nami namvulia kofia. Wiki nzima dada hakuitikia hata salamu, na hilo lilimuuma kuliko kuanguka.

Lori liliporudi na vitanda vipya, Mgonjwa aliinama kuvua viatu.

"Ngoja!" Alikuwa dada, anashuka upande wa abiria. Akamgeukia mumewe. "Leo unalala wewe."

"Mke wangu, mbele za watu?"

"Kwani wagonjwa hulala mbele ya nani?"

Shemeji, na suti yake na tai yake, akajilaza. Kitanda kimya.

"Geuka ubavu."

Akageuka. Kimya. Wapakuzi wakang'ata midomo wasicheke.

Dada akavua viatu vyake, akakaa pembeni ya mumewe, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Njoo ukae, mdogo wangu," alisema. "Kitatubeba."