Niangalilie Mtungi Wangu

Enzi zetu mtungi ulikuwa mtu. Kama ulikulia Ngoliba, au popote kwenye ule upande mkavu wa Thika, huhitaji kuelezwa. Ulifika mferejini, kwenye bomba la kijiji, ukaweka mtungi wako nyuma ya ule wa mwisho, na kuanzia hapo wewe ulikuwa umefika, hata kama mwili wenyewe ulikuwa umeshaenda kucheza mpira wa kati na wenzako. Kila mtungi tulijua ni wa nani. Wetu ulikuwa wa plastiki ya njano, umefungwa kitambaa chekundu kwenye kishikio, kipande cha sketi yangu iliyochakaa, na ubavuni baba alikuwa ameuchoma alama kwa waya wa moto.

Laini ya maji ilikuwa shule yetu ya pili. Tulifanya hesabu za mwalimu tukiwa tumekalia mitungi, tukasukana nywele, tukala githeri baridi kwenye mkebe mmoja huku kila mtu akimlaumu mwenzake kwa kuchagua maharagwe na kuacha mahindi. Mama zetu walipata hapo habari zote: nani kazaa, nani kahamia, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Vijana wa leo kitu kikikawia kufunguka kwa simu wanasema wana stress. Sisi tulikaa pale asubuhi nzima, na ukitaka ukweli, mara nyingine hatukutaka laini iishe.

Lakini kulikuwa na sheria, na haikuandikwa popote. Ukitaka kutoka kidogo, unamwambia wa nyuma yako. Si wa mbele, wa nyuma. Yeye ndiye atakayefaidika ukiondolewa, kwa hivyo yeye akikutetea hakuna wa kubisha. Unasema, "Niangalilie mtungi wangu." Naye anakujibu neno moja tu: "Uko." Basi unaenda ukiwa umetulia.

Nimeyakumbuka haya Jumamosi iliyopita hapa Ruiru, na sikuyakumbuka kwa furaha. Nilikuwa na hasira.

Ndugu yangu mdogo, Njoroge, alikuwa anaoa. Tumemwombea huyu mtoto apate mke mpaka tukachoka, kila Krismasi tunaulizwa na shangazi, tunajibu tukiangalia chini. Hatimaye amepata. Na gari la kumchukua bibi harusi Githurai 45 na kumleta kanisani Thika lilikuwa langu, kwa sababu nilijitolea mwenyewe kwenye mkutano wa harusi nikiwa nimesimama. Sasa, Ijumaa nilikuwa nimelipeleka Murera kuchukua sufuria kubwa za kupikia, mvua ikaninyeshea kwenye ile barabara ya mashamba, na nikarudi na matope hadi kwenye vioo. Mama alikuwa nyumbani kwangu tangu Alhamisi. Alilizunguka lile gari asubuhi hiyo ya harusi, akanitazama, akasema, "Mtoto wa watu ataingia hapa na gauni jeupe?"

Nikakimbia nalo pale pa kujioshea mwenyewe, ambapo unatumbukiza sarafu kwenye mashine, unashika bomba la maji na kuosha gari lako. Kuna nafasi mbili, moja ilikuwa imeharibika. Laini ilikuwa ndefu lakini ilikuwa inasonga. Nikangoja kama mtu aliyelelewa vizuri. Nilipobakisha gari moja mbele yangu, nikaona tairi la nyuma limelala. Kituo cha mafuta kiko ng'ambo tu ya barabara, upepo wa tairi ni kitendo cha haraka. Basi nikafanya ambalo mtu yeyote wa Ngoliba wa umri wangu angefanya. Nikatoa mtungi wangu kwenye buti, maana mpaka leo sisafiri bila mtungi, nikauweka pale gari langu lilipokuwa. Nikamwendea kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye kigari cheusi, dirisha likiwa wazi.

"Kijana, niangalilie huo mtungi. Naweka tu upepo, narudi."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona kwa macho yangu akitikisa kichwa. Nikaenda nimetulia.

Niliporudi, kigari cheusi kilikuwa ndani kikipakwa povu. Mtungi wangu ulikuwa umetupwa kando ya ukuta, karibu na pipa la takataka, umelala ubavu.

Niwaambie kitu kilichonijia hapo. Nilimwona Mama Posho.

Mama Posho alikuwa mke wa mwenye mashine ya kusaga unga, ndiyo sababu ya jina. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi siku hiyo ninayoisema, na Mama alikuwa amejifungua nyumbani alfajiri. Maji ndani yalikuwa yameisha kabisa. Mto ulikuwa mbali na ulikuwa umejaa tope la mvua za juu, na mkunga alisema wazi kwamba mtoto hataguswa na maji yale. Nikatumwa mferejini. Maji ya mfereji yalikuwa ya mgao, yanakuja asubuhi, na jua likifika katikati yanakatika, hayaulizi nani bado.

Nilikuwa nimekaribia sana wakati dada ya mkunga alipokuja kuniita nikasukume kuni motoni. Nyuma yangu alikuwa Mama Wairimu, jirani yetu, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Nikamwambia, "Niangalilie mtungi wangu." Akasema, "Nenda. Uko."

Nilirudi nikikimbia na kukuta punda wa Mama Posho amesimamishwa pale mbele, mitungi yake inateremshwa, na wetu wa kitambaa chekundu umesukumwa kwenye nyasi. Alikuwa anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Hako ni kamtungi ka mtoto. Katangoja." Nilisimama pale nikaanza kulia bila sauti. Jua lilikuwa limeshapanda.

Mama Wairimu akatoka kwenye nafasi yake, akaenda hadi kwenye mfereji, akaufunga. Akaweka mkono juu yake.

"Huyo mtoto yuko," alisema. "Hakuna anayechota."

Hakuna asiyejua kwamba maji yale yalikuwa yanahesabu pumzi zake. Kila mmoja kwenye laini ile alikuwa na watoto, na ng'ombe, na sufuria iliyokauka. Nilitazama nyuma, nikidhani watamwambia amwache mama wa watu achote, tusikose sote. Mwanamke mmoja akakaa juu ya mtungi wake. Mwingine akakaa. Wakakaa wote, laini nzima, wakimtazama Mama Posho, na punda wake akipiga mkia tu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikuwa nataka aseme ndiyo au hapana, lolote, mradi ule mfereji ufunguliwe.

Mama Posho aliinama mwenyewe, akaokota mtungi wetu, akauweka pale ulipotoka. Aliukung'uta hata nyasi. Nikachota ukajaa. Mama Wairimu akafuata, na wake ulikuwa haujafika nusu mfereji ulipokohoa na kukauka. Wengine wote walirudi na mitungi mitupu. Sikusikia hata mmoja akinung'unika, na niliwasikiliza njia nzima.

Jioni Mama Wairimu alikuja kumwona mzazi, amebeba njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, iliyopikwa na kupondwa, na Mungu ndiye anayejua aliipikia maji yapi. Akamchukua mtoto, akamwangalia sana, akasema, "Kumbe huyu ndiye aliyetumaliza maji." Na jina likashika. Mtoto huyo ndiye Njoroge, na Mama Wairimu alimwita Mmaliza Maji mpaka siku alipozikwa.

Sasa rudini nami Ruiru. Nilimwendea yule kijana katikati ya povu lake. Alikuwa anajirekodi kwa simu.

"Si nilikuachia mtungi?"

Akatoa kidude kimoja cha muziki sikioni. "Nini, mathe?"

"Mtungi. Nilikuachia nafasi yangu."

"Mathe, hapa tunapanga magari, si mitungi."

"Ulinitikisia kichwa."

"Aa," akasema, na hakuwa na ubaya, hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Hiyo ilikuwa ni ngoma, mathe. Sikukusikia."

Nikageuka kwa wenye magari. Nilikuwa na hakika mtu ameona. Vioo vyote vilikuwa juu, na nyuma ya kila kioo kulikuwa na uso ulioinamia simu. Nikagonga dirisha la mama mmoja wa rika langu kabisa, na kitambaa cha kanisa kichwani. Alishusha kioo kidogo, akasema, "Mimi siingilii mambo yenu," akapandisha. Gari la nyuma yake likapiga honi. Halafu lingine. Nilikuwa nimesimama njiani, na kelele yote ile ilikuwa yangu.

Mfanyakazi wa pale akaja akaniambia kwa adabu, "Madam, rudi nyuma upange upya." Nilitazama nyuma. Laini ilikuwa imefika barabarani. Simu ikalia, ni Njoroge, yuko kwangu nyumbani: "Uko wapi? Watu wa Githurai wanauliza."

Nikauokota mtungi wangu, nikautia kwenye buti, nikaondoka na matope yangu.

Njiani nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilisema vijana hawa hawana adabu, hawana masikio, wamelelewa na vioo. Nilisema enzi zetu laini nzima ingekaa chini. Tulikuwa na mfereji mmoja na kiu ya kweli, na mtoto angeweza kuacha mtungi wake na kwenda. Leo kila mtu ana bomba lake nyumbani, ana gari, ana simu ya kumpata mtu Marekani, na huwezi kuacha nafasi yako ukaweke upepo.

Mama alikuwa getini, amevaa gauni lake la harusi la rangi ya zambarau na leso juu yake lisichafuke. Nilimwaga yote kabla sijashuka. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akauliza swali lile lile ambalo angeniuliza Ngoliba.

"Nyuma yako alikuwa nani?"

"Kijana mmoja tu, Mama. Ana kigari cheusi."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Ni wa kwa nani?"

"Mama, sijui. Hapa ni Ruiru."

"Na mbele yako?"

Nilikuwa nimetazama nyuma ya gari lake asubuhi nzima, na sikumbuki hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Mama alitikisa kichwa polepole. "Basi hukuwa kwa laini, mwanangu," alisema. Akavua viatu vyake vipya, akaviweka juu ya ukuta, akapandisha leso. "Mwite Mmaliza Maji aje na beseni. Na wewe jaza huo mtungi."