Mtoza Ushuru Anayekula Mboga za Mkopo

Mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyepotea, unapenya ukungu. Unafuatwa na sauti ya karatasi inayochanwa. Kimya. Kisha mlio tena, safari hii karibu zaidi.

Sokoni magunia yanaanza kufunikwa. Muuza samaki anavuta turubai juu ya omena wake. Hakuna aliyemwona mtu bado, lakini wote wanajua mashine ya ushuru imeingia.

Ndipo anapotokea Dolphine Nyamusi, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, amevaa viatu vya mpira na koti la kijani lililopauka. Mkononi ana kile kimashine kinachotema risiti. Kila anayeketi hapa kuuza hulipa kaunti shilingi thelathini kwa siku, naye ndiye anayezitoza.

"Mama Beverly, hiyo mashine yako haichoki?" Amondi, yule muuza omena, anamuuliza Nyamusi. "Ingekuwa ng'ombe, maziwa ingekuwa imekauka."

"Ingekuwa ng'ombe, ningekunywa," anajibu Nyamusi. "Mimi nakamua tu. Kikombe iko na mwingine."

Wanacheka wote wawili, na Amondi analipa.

Kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Nyamusi hajapokea mshahara kwa miezi minne. Mkataba wake unasema shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi. Kila akiuliza huambiwa kwamba fedha hazijatoka Nairobi, kwamba bajeti ina pengo, kwamba avumilie. Jina la soko lenyewe, lililo katikati ya mashamba ya majani chai mpakani mwa Kericho na Bomet, ameomba lisitajwe. Anahofia kibarua ambacho hakimlipi.

"Watu wanashangaa," anasema. "Wananiambia, wewe si ndio unashika pesa? Nashika, ndio. Jioni naituma yote. Halafu natembea kwa mguu mpaka nyumbani kwa sababu sina nauli."

Babake alitoka Kisii kuja kuchuma majani chai, na Nyamusi mwenyewe akachuma miaka sita, hadi mashine za kuchuma zilipoletwa. Wenzake wengine walirudi kwao. Yeye alipata kazi hii ya soko na akamshukuru Mungu.

Upande wa chini, kwenye safu ya mboga, ndiko anakokwenda mwisho, na si kwa bahati. Akina mama wa huku hawatoi hela kabla ya kuuza. Pesa ya kwanza ya siku lazima iingie. Ikitangulia kutoka, siku imefungwa na hakuna mteja atakayesimama. Nyamusi anaijua desturi hiyo na huiheshimu. Hupita, husalimia, huondoka, kisha hurudi wakishafungua, yaani wakishauza mara ya kwanza.

Mkongwe wa safu hiyo ni Bilhah, mjane anayeuza managu, mboga za mnavu. Sokoni humwita Kogo, yaani nyanya au bibi kwa Kikalenjin. Tangu mshahara ukatike, Kogo ndiye amewalisha Nyamusi na bintiye Beverly. Kila siku ya soko hutenga fungu moja, hulifunga kwa uzi mwekundu na kusema, "Ya Beverly. Utalipa wakikulipa." Deni limefika shilingi mia nane na arobaini. Na siku ambazo Kogo hakuuza kitu, Nyamusi alimlipia ushuru kutoka mfukoni mwake, hadi mfuko ulipokauka.

Fikiria hilo taratibu. Serikali haimlipi mtoza kodi. Mtoza kodi analishwa na mlipa kodi. Mlipa kodi anashindwa kulipa, na mtoza kodi anamlipia kwa hela ambazo serikali haijampa. Mabilioni husomwa bungeni. Hapa wanawake wawili wanaziba pengo kwa mafungu ya managu.

"Sukari iko na kodi, mafuta iko na kodi, kutuma pesa kwa simu iko na kodi," anasema Kogo, akinyunyizia mboga maji. "Hata kukaa chini kwa udongo ya Mungu iko na kodi. Choo ndio haiko."

Choo kinaonekana kutoka alipoketi. Kuta nne, bati, mlango wa chuma wenye kufuli. Hakina mashimo wala maji. Mkandarasi aliondoka hela zilipokwisha, na sasa kaunti hufungia humo bidhaa za wasiolipa.

Saa tatu na nusu, pikapu jipya linasimama. Anashuka msimamizi, Gordon, simu mkononi.

"Hii laini ya mboga iko ziro. Kwa nini?"

"Hawajafungua, bosi. Bonasi ya wakulima wa majani chai ilikuwa kidogo. Watu wanapita tu."

"Mimi sitoi ripoti ya kufungua. Nimeambiwa tusipofikisha kiwango, hata hiyo arias yenu, mishahara ya nyuma, hakuna. Chukua mzigo ya huyo mama." Anamnyooshea Kogo kidole.

Nyamusi anaingiza mkono mfukoni. Anautoa mtupu. Nyuma ya Gordon, askari wawili wa kaunti wanaanza kushuka.

"Wacha nibebe mimi," anasema haraka. "Nyinyi mnamwaga."

Anainama, anakumbatia gunia la Kogo kama mtoto mgonjwa, na kulipeleka chooni. Kufuli linabanwa. Ufunguo unaondoka na pikapu. Amondi anatazama kando. Kogo anaendelea kuketi mbele ya nafasi tupu, chupa ya maji bado mkononi.

Alasiri Nyamusi anapiga simu ya Gordon mara kwa mara. Haipokelewi. Jua linachoma bati, na managu si viazi vya Londiani, hayasubiri kesho. Kupitia ufa wa mlango anaona majani yaliyonyauka, na juu yake uzi mwekundu. Chakula cha Beverly cha leo kimo humo.

Anarudi safu ya mboga, anachuchumaa.

"Kogo, nisamehe."

"Ulibeba vizuri," anasema Kogo. "Haikuanguka hata jani moja." Anaiweka chupa chini. "Soko ya Alhamisi watakutuma tena?"

"Watanituma."

"Na ukikataa wakufute, ile miezi nne utaidai kwa nani?"

Nyamusi anaizima mashine na kuisukuma ndani ya koti, kisha anamshika Kogo mkono.

"Alhamisi naanza na wewe, Kogo. Nitasimama hapa mbele yako mpaka ufungue, hata kama ni jioni. Huyo Gordon akitaka gunia, atanitoa mimi kwanza."