Sweta Jekundu la Mama Pamba

Pale kiwandani tulimwita Mama Pamba, na msidhani ni kwa ulaini wake, maana ulaini hakuwa nao. Alivaa pamba tupu kuanzia kilemba hadi soksi. Sisi tunafuma mablanketi ya nyuzi za plastiki, ya bluu na ya kijivu, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vijinyuzi vinavyobaki kwenye maji ya kuoshea kabla hayajaenda mtoni. Macho matupu hayavioni. Alivitafuta kwa hadubini, peke yake, katika chumba ambacho mwingine haruhusiwi hata kuchungulia, kwa sababu nguo zetu nazo hupukutisha vijinyuzi.

"Kaa hapo hapo, usinisogelee," ndiyo iliyokuwa salamu yake ya asubuhi. Sasa mtu akiambiwa hivyo mara tatu, ya nne haji. Wakati wa chakula alikaa benchi la mwisho, na benchi zima likawa lake. Wenzake walisema anaringa. Nami nilisema hivyo, sitaficha.

Mimi ni mlinzi wa geti. Wengine hutoka wawili wawili wakisengenya. Yeye alitoka wa mwisho, mkoba kifuani. "Kesho, kaka." "Kesho, dada." Nadhani siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote. Mumewe alishafariki, na binti yake wa pekee yuko nchi ya mbali mwaka wa sita huu. Simu zote huachwa kwangu, kwa hiyo najua ya nani inalia na ya nani hailii. Yake ilikaa kimya kama sahani kabatini.

Kisha kikaja kifurushi. Alikifungua pale pale getini: sweta jekundu, binti kalifuma kwa mkono wake. Akasugua uzi kwa vidole viwili.

"Plastiki," akasema. Halafu akajifunika nalo uso, akalia kwa sauti. Nikageuka nikajifanya naangalia barabara, ambako hakukuwa na kitu.

"Utalivaa, dada?"

"Nyumbani tu, kaka. Huku haliingii."

Wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa wiki yake. Miaka mitatu alimsumbua bosi kiwanda kinunue chujio jipya la maji, akaambulia kuitwa king'ang'anizi. Hatimaye wauzaji wakaleta moja la kujaribiwa siku tano. Vipimo vikiwa safi siku zote tano, bosi ananunua. Vikiharibika, chujio linarudi kwao na maji machafu yanaendelea. Siku nne zikapita salama. Mama Pamba akaanza hata kunitania, akaniuliza kama kofia yangu nimezaliwa nayo.

Ijumaa mchana alitoka mbio. Mezani kwake huweka kisahani cha maji safi, wazi, kinase chochote kinachoanguka kutoka hewani. Kikinasa uzi, kipimo cha siku hiyo ni bure, maana huwezi kujua kilichotoka kwenye maji na kilichotoka kwa mtu. Siku hiyo kilinasa uzi mmoja. Mwekundu.

"Nililala nalo," aliniambia. "Nikajifunga kilemba asubuhi bila kuosha nywele. Kaka, ni wangu."

"Si uutoe kwa kibano? Nani atajua?"

Alinitazama mpaka nikaona haya.

Bosi alikuwa anaingia kwenye gari. Mama Pamba akamfuata, akamweleza pale pale mbele yangu. Bosi akashika kichwa. "Mama, wewe ndiye uliyekuwa unalilia hili chujio! Si ungenyamaza tu?"

"Nikinyamazia wangu, wenu nitauhesabu vipi?"

Bosi akafunga tena mlango wa gari. Mwisho akampa Jumamosi, siku moja ya kufidia, basi.

Jioni hiyo alikwenda kwake akarudi na mfuko uliofungwa mafundo mawili. Akauweka chini, akarudi nyuma hatua tatu.

"Livae wewe, huku nje kuna baridi. Nikibaki nalo nitalala nalo tena. Najijua."

 Niliubeba mfuko.

Jumamosi kisahani kilikuwa safi. Chujio likanunuliwa, likafungwa, na maji yanayotoka sasa hata mimi nayaona tofauti, ingawa vijinyuzi vyenyewe sikuwahi kuviona. Sweta lenyewe linanibana kifuani na mikono inaishia karibu na viwiko. Vijana wa mizigo wananiita bibi harusi. Waache wacheke.

Juzi wakati wa chakula simu yake ililia, nikamwita, nikaiweka juu ya kiti na kurudi nyuma. Akaichukua, akaipokea kwa spika akiwa amesimama ng'ambo ya geti, mbali nami kama kawaida, na sauti ya binti nikaisikia vizuri.

"Mama, lile sweta unalivaa lakini?"

Mama Pamba akaniangalia, mimi na sweta langu.

"Kila siku, mwanangu. Limenikaa vizuri sana."

Jioni alitoka wa mwisho. Safari hii alinisogelea, akashika ukingo wa mkono wa sweta kwa vidole viwili, akaushikilia kidogo.

"Kesho, kaka."

"Kesho, dada."

Kisha akaenda bombani akanawa hadi viwikoni, akaenda zake.