Ishirini na Tano Haikumbuki Ilikotoka

Nilikuwa natwanga kisamvu, mtoto mgongoni, mdogo wangu aliporudi kutoka shule hapa Ruangwa kabla ya wakati, viganja vimevimba. Nikamwuliza amefanya nini. Akasema ameandika tano.

"Na mwalimu anataka nini?"

"Hasi tano, dada. Amesema nisirudi darasani wala nisifanye mtihani mpaka nikubali."

Niliutupa mchi. Mtoto akaanza kulia mgongoni, nikamwacha alie. Maana mwalimu huyo namjua. Ndiye aliyenifundisha mimi Nachingwea, na hasi tano yake ile ile kahamia nayo huku, kama mtu anavyohama na kitanda chake.

Ngoja nikurudishe nyuma, kwani bila Nachingwea ile hutaielewa hasira yangu. Tuliishi na bibi nje kidogo ya mji, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Asubuhi matrekta yalinguruma ng'ambo ya bonde mpaka vifuniko vya vyungu vikalia. Jioni harufu ya korosho zinazochomwa ilishika nguo, nywele, hata uji wa kesho yake. Bibi hakuwa na haja na karanga za matrekta. Alikuwa na zake, kijishamba cha mraba nyuma ya jiko, hatua tano kila upande. Alichimba vishimo akirudi kinyumenyume ili asikanyage udongo aliokwisha kuulainisha, nami nikimfuata uso kwa uso, nadondosha mbegu na kufukia kwa kisigino. "Ukizila hizo mbegu, mke mwenzangu," alinitania, "babu yako nakuachia, utampikia wewe."

Sasa shuleni. Mwalimu aliandika ubaoni hasi tano, akaiwekea mraba, kisha akaifunika yote kwa alama ya kipeuo cha pili. Mraba na kipeuo vinakatana, akasema, kinabaki kilichomo ndani: hasi tano. Darasa likaimba. Mimi sikuimba. Hasi tano mara hasi tano ni ishirini na tano, hilo hata yeye alilikubali. Na juzi yake tu alitufundisha kwamba ishirini na tano ikiwa chini ya alama ile, jibu ni tano. Basi ishirini na tano ya leo imejuaje kwamba ilitoka kwenye hasi? Nikaliona shamba la bibi. Achimbe akienda mbele, achimbe akirudi nyuma, shamba ni lile lile. Ukiliuliza upande wake una hatua ngapi litakwambia tano. Halikumbuki mchimbaji alielekea wapi. Hasi ikishazidishwa kwa hasi imekwenda, na kipeuo hakiwezi kuirudisha.

Nikasimama, nikasema hivyo hivyo. Mwalimu akaliambia darasa kwamba leo tumetembelewa na Bwana Shamba, tena amevaa gauni. Jina likaniganda mpaka namaliza shule. Siku ile nilifukuzwa, niende nikalete mzazi.

Bibi hakuuliza habari za hesabu. Alimkamata kuku wake mweupe, yule mtagaji, akamfunga miguu, tukaenda nyumbani kwa mwalimu. Akapiga magoti.

"Mwalimu, mtoto amekosea. Msamehe afanye mtihani."

Nilitaka kusema sikukosea. Alinitazama mara moja tu, nikanyamaza. Njiani akaniambia, mwalimu akisema mbuzi ana pembe tatu, wewe hesabu tatu, upite. Nikapita.

Sekondari, mwalimu mwingine aliandika swali lile lile, akajibu tano, akaendelea na lingine kama hakuna kitu. Nililia darasani, wenzangu wakadhani naumwa. Nikaitunza habari hiyo nimpelekee bibi likizo. Nilifika nikakuta matanga yake.

Mwaka jana nilipita pale. Matrekta yamenyamaza, nyumba imeanguka, pori limeingia mpaka palipokuwa jiko. Nilijaribu kuzitembea zile hatua tano. Sikujua nianzie wapi.

Kwa hiyo kisamvu kilibaki kwenye kinu. Nilikaza mbeleko, nikamshika mdogo wangu mkono. Jirani akaniambia kwa huruma kabisa nipitie bandani kwanza, nichukue kuku. Shuleni, mwalimu mkuu alinisikiliza huku akitazama dirishani, akasema hawezi kuahidi neno, na malalamiko hupokelewa kwa maandishi. Alidhani nitaishia hapo. Nikaomba karatasi, nikaandika nimesimama:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Namlalamikia mwalimu wa hesabu kwa kumpiga na kumfukuza mdogo wangu kwa jibu lililo sahihi. Kipeuo cha pili cha mraba wa hasi tano ni tano. Naomba mtoto arudishwe darasani na afanye mtihani. Sikuja na kuku. Aliyempelekea mwalimu huyo kuku zamani, kwa jibu hili hili, alikuwa bibi yangu, naye amekufa bila kujua kwamba mjukuu wake hakukosea. Hilo najua hamwezi kulirudisha."